Kuingiza chama cha wafanyakazi kwenye kampuni yenye mkubwa nyuma yake

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa Kenya aliye kwenye shamba la maua, kiwanda cha nguo, ghala au duka kubwa ambako chama hakijaingia, na ambako kila mtu anajua mwenye kampuni ana mheshimiwa wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Sheria za kushika ni tatu: kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 na Sheria ya Ajira ya 2007. Hakuna hata moja inayotaka mheshimiwa aidhinishe chochote. Zinataka hesabu ya watu, sahihi na tarehe.

Haikuwa hivyo zamani. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, iliundwa mwaka 1965 kwa amri ya serikali ya Jomo Kenyatta, na kwa miaka mingi Rais ndiye aliyechagua katibu mkuu kutoka majina matatu aliyopelekewa. Mwaka 1980 Moi alifuta chama cha watumishi wa serikali, na hawakupata kingine hadi 2001. Waajiri wengi walijifunza kutokana na siku hizo kwamba ukimshika mkubwa, chama umekimaliza. Siku hizi ugomvi wa kutambua chama, yaani mwajiri kukikubali kuwa msemaji wa wafanyakazi, unaamuliwa na mahakama, lakini mazoea hayo bado yako pale langoni.

Mwajiri ni nani hasa

Anza na hati yako ya mshahara. Jina lililo juu yake mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye lango. Unaweza kukuta wafungaji wa maua wameajiriwa na wakala, madereva na kampuni dada, na makarani tu ndio wako chini ya kampuni yenyewe. Ukipeleka karatasi kwa jina lisilo sahihi, wakili wa kampuni atasimama mahakamani aseme wateja wake hawawajui hawa watu, na miezi minane ya kazi itayeyuka hapo.

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma ya usajili wa biashara, uombe hati ya CR12 ya kila jina unalokutana nalo. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ukikuta ukoo wa mheshimiwa humo, usiupeleke kwenye WhatsApp. Faida yake kwako ni moja: unajua ni nani hapaswi kuitwa kusuluhisha.

Mwajiri asiyetoa hati ya mshahara inayoonyesha makato anavunja Sheria ya Ajira. Liripoti hilo peke yake kwenye ofisi ya leba, bila kulichanganya na habari za chama.

Chama kipi

Usianzishe kipya. Msajili wa vyama hukataa ombi pale ambapo chama kilichopo kinawakilisha sekta hiyo vya kutosha, na hata akikubali utakuwa umepoteza mwaka. Mashamba ya chai na maua yako chini ya KPAWU, viwanda vya nguo pamoja na vya EPZ (maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje) chini ya chama cha washonaji na wafanyakazi wa nguo, maduka makubwa na maghala chini ya KUCFAW, hoteli chini ya KUDHEIHA. Mpigie katibu wa tawi, si makao makuu. Muulize maswali mawili kabla hujampa jina la mtu: ni kampuni ngapi amepata kutambuliwa nazo katika miaka mitatu iliyopita, na nani analipia wakili. Katibu anayejibu kwa kutaja marafiki zake serikalini, mwache, tafuta ofisi nyingine ya chama hicho hicho.

Hesabu

Ili chama kitambuliwe, sheria inataka wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaoweza kuingia chamani, yaani nusu yao na mmoja zaidi. Meneja hahesabiwi, wala mtu anayeajiri na kufuta kazi kwa niaba ya kampuni, wala karani anayetunza siri za mkurugenzi. Nyapara wa kawaida asiye na mamlaka ya kumfuta mtu huhesabiwa, na hapo ndipo kampuni hupenda kucheza: ghafla kila mwenye kofia ya bluu anapewa barua ya umeneja.

Chukua kampuni yenye watu 240, kati yao 30 wakiwa wakubwa. Wanabaki 210. Nusu na mmoja ni 106. Usipeleke karatasi ukiwa na 106. Watu kumi watatishwa wajiondoe, watano watahamishwa, wengine sahihi zao zitapingwa. Lenga 135 hadi 140.

Vibarua wahesabu vizuri. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, sheria humpa haki za mwajiriwa wa mwezi hata kama analipwa kila Jumamosi. Kampuni itamtoa kwenye orodha. Wewe mweke, lakini pamoja na ushahidi: picha za kadi ya kazi, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, daftari la langoni lenye saa za kuingia.

Chora ramani ya idara kwa mkono, kisha andika nani anasikilizwa wapi. Mtu mmoja anayeaminika kwenye kila zamu anatosha, na mara nyingi si yule anayeongea sana. Kutaneni nje ya kazi, watu watano hadi wanane, kanisani, msikitini au nyumbani kwa mtu. Kundi la WhatsApp lenye watu 60 lina angalau mmoja anayetuma picha za skrini kwa ofisi ya meneja wa wafanyakazi.

Fomu S

Hii ndiyo silaha yenyewe. Ni fomu ambayo mwanachama anatia sahihi kumruhusu mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara. Inabeba jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kazi, sahihi na tarehe. Makosa yanayoiua ni madogo madogo:

Jina la utani mahali pa jina la kitambulisho. Tarakimu moja ya kitambulisho iliyokosewa. Tarehe moja kwa watu 90 huku nusu yao wakiwa zamu ya usiku siku hiyo. Na baya kuliko yote, mtu kumtilia sahihi mwenzake "kwa sababu aliniambia". Sahihi moja ya kughushi inatosha kuitia doa orodha nzima. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba mbele ya shahidi anayeandika jina lake kando.

Kusanya sahihi kwa wiki mbili au tatu, si zaidi. Zikikaa miezi minne, watu watakuwa wameondoka na hesabu yako imeoza. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, na karatasi halisi zilale kwa mtu asiyefanya kazi kwenye kampuni.

Anayepeleka ni chama, si wewe. Barua ya chama, Fomu S na nambari ya akaunti vinakwenda kwa mwajiri katika nakala mbili, na moja inarudi na mhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Karani wa mapokezi akikataa kugonga mhuri, na mara nyingi ameambiwa akatae, itumwe siku hiyo hiyo kwa rejista ya posta na barua pepe, na aliyeipeleka aape kiapo kueleza ilivyokuwa. Kuanzia siku hiyo mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata.

Kwa nini makato yana uzito kiasi hicho? Tazama KNUT, chama cha walimu. Baada ya kugombana na TSC, tume inayowaajiri walimu, mwaka 2019, makato ya walimu kwenda chamani yalianza kukauka, na kufikia Juni 2021, katibu mkuu wake alipojiuzulu, chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya walimu kilikuwa hoi kifedha. Hakuna aliyekipiga marufuku. Ndiyo maana mwajiri mjanja hapigani na chama hadharani. Anachelewesha tu ada.

Siku hizo 30

Kampuni itafanya baadhi ya haya, mara nyingi kwa mpangilio huu.

Kwanza itaunda kamati ya ustawi, yenye chai na mandazi, iseme wafanyakazi tayari wana sauti. Waache watu waende wakanywe chai. Kamati hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya chama kisheria.

Pili zitaanza kuja barua za kujiondoa chamani, zote zimepigwa chapa kwa maneno yale yale na zina tarehe moja. Mwanachama ana haki ya kujiondoa, lakini kwa hiari yake. Kila aliyetiwa barua mkononi aandike kwa mwandiko wake mwenyewe nani alimwita, ofisi gani, saa ngapi na aliambiwa nini. Barua 40 pacha na maelezo 25 ya mkono vikiwekwa mezani pamoja, jaji anaelewa.

Tatu ni kufutwa kazi kwa waandalizi. Hapa usikasirike kabla hujasoma barua. Sheria ya Ajira inasema uanachama, au shughuli za chama nje ya saa za kazi, si sababu halali ya kumfuta mtu. Inasema pia kwamba anayeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu lazima asikizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemtaka. Kwa hiyo nenda kwenye kikao hata ukijua umeshahukumiwa, na uombe nakala ya kumbukumbu zake. Kosa la waandalizi wengi ni kumpa mwajiri sababu: kugawa fomu saa za kazi, kuchelewa zamu, kutukana nyapara. Muda huu wote uwe mfanyakazi asiye na doa. Ukifutwa, chama kiripoti mgogoro kwa Waziri wa Leba ndani ya siku 90. Mahakama inaweza kukurudisha kazini au kukupa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Nne ni kupunguza wafanyakazi "kwa sababu ya soko". Hilo linataka ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, vigezo vya nani aondoke, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wa miaka sita anapata siku 90. Linganisha orodha ya wanaotoka na orodha ya Fomu S. Zikifanana, chama kiende mahakamani kwa dharura kabla ilani haijaisha, maana baada ya hapo watu hutawanyika na simu zao hazipatikani.

Mheshimiwa akija langoni

Atakuja, ama kuwatisha ama kuwatetea, na ziara zote mbili zina gharama. Anayewatisha, chifu au OCS (mkuu wa kituo cha polisi), mwombe kwa adabu aandike agizo lake. Karibu kila mara hakuna karatasi. Anayewatetea ni mgumu zaidi kumkwepa: atapanda juu ya gari, ataahidi, kesho yake ataketi na mkurugenzi, na mtaambiwa jambo limeisha. Msimpe nafasi ya kuzungumza kwa niaba yenu. Mshukuruni, mwambieni katibu wa tawi ndiye mwenye barua. Bango la chama cha siasa likionekana kwenye picha, mwajiri atalileta mahakamani kuthibitisha kwamba huu ulikuwa mchezo wa kura.

Mkitaka kuandamana barabarani, OCS apewe ilani ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na nakala yake ibaki na mhuri.

Kutambuliwa

Ukiwa na wingi, chama kinadai mkataba wa kutambuliwa. Mwajiri akinyamaza au akikataa kuna njia mbili. Ya kawaida ni kuripoti mgogoro kwa Waziri, ambaye ana siku 21 za kuteua mpatanishi, naye ana siku 30 za kujaribu. Ya pili ni kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kwa hati ya dharura. Sheria inaruhusu hivyo kwa suala la kutambuliwa. Pale ambapo kampuni ina mkono wizarani, tunaona heri ya pili, hata ikiwa ghali. Upatanishi ukidorora, wanachama ndio huchoka kwanza.

Mgomo uwe wa mwisho, na uwe halali: upatanishi umeshindikana, na ilani ya siku saba imefika kwa mwajiri na kwa Waziri. Mshahara hautalipwa siku za mgomo, kwa hiyo hesabuni chakula cha wiki tatu kabla ya kuanza. Amri ya mahakama ikija, itiini siku hiyo hiyo huku wakili akiipinga. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na Februari viongozi saba wa chama chao, KMPDU, walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusimamisha mgomo. Mgomo wao ulikuwa unadai mkataba wa mwaka 2013 utekelezwe.

Na mkataba huo wao unafundisha la mwisho. Makubaliano ya pamoja ya mishahara hupata nguvu ya kisheria yakishasajiliwa mahakamani, na mwajiri anatakiwa kuyapeleka ndani ya siku 14 baada ya kutiwa sahihi. Hapo ndipo picha za kushikana mikono hupigwa na watu hurudi nyumbani. Siku ya 15 katibu wa tawi aende masijala ya mahakama aulize nambari ya usajili. Ikipatikana, ibandikwe ubaoni karibu na mahali pa kugonga kadi, pamoja na ukurasa wa mishahara.