Palizi ya mihogo: miezi mitatu inayoamua mavuno

Muhogo umejijengea sifa ya uvumilivu, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza wakulima wengi. Kweli hustahimili ukame na udongo uliochoka, lakini ukiwa mchanga hauna ubavu wa kushindana na magugu. Ukipandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, huchukua miezi mitatu hadi minne matawi yakutane na kufunika ardhi. Muda wote huo jua linapiga chini na magugu yanajilia maji na rutuba. Idadi ya mizizi itakayonenepa kuwa mihogo nayo huamuliwa katika kipindi hichohicho. Ndiyo maana shamba lililoachwa kuwa msitu miezi hiyo linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na palizi ya mwezi wa tano baada ya kupanda, hata ikiwa safi namna gani, hairudishi kilichopotea.

Kazi huanza kabla ya kupanda. Kagua shamba uone kama lina magugu ya kudumu: ndago, sangari, ukoka au motomoto. Hili la mwisho ni baya kupita yote, kwa sababu mizizi yake yenye ncha kali hutoboa mihogo ardhini na kuiachia mlango wa kuoza. Ukilima mara moja tu na kupanda, jembe linakuwa limeyakatakata magugu hayo vipande, na kila kipande huota upya. Lima wakati wa kiangazi, acha mizizi ikauke juani wiki mbili, kisha rudia na uiokote. Njia nyingine ni kupulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, yakiwa mabichi, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 30, halafu usubiri siku 10 hadi 14 kabla ya kulima. Ukilima mapema, dawa haijafika mizizini na umepoteza fedha.

Panda pingili (vipande vya shina la muhogo) zenye afya za sentimita 20 hadi 30, na pale zisipochipua rudishia ndani ya mwezi mmoja baada ya kupanda. Kila pengo ni kitalu cha magugu hadi siku ya kuvuna. Kunde au karanga zilizopandwa katikati ya mistari mapema husaidia sana kufunika ardhi.

Palizi ya kwanza iwe wiki ya 3 hadi ya 4 baada ya kupanda, ya pili wiki ya 7 au ya 8, na ya tatu wiki ya 12. Usingoje magugu yafike magotini: yakiwa na urefu wa kidole, jembe hupita haraka na kazi ya siku tatu huisha kwa siku moja. Palilia asubuhi ya siku kavu, kwani magugu yaliyong'olewa mvua ikinyesha hushika mizizi tena. Parua juujuu, sentimita 3 hadi 5. Kuanzia mwezi wa tatu baada ya kupanda mizizi inanenepa karibu na uso wa ardhi, hivyo kando ya shina ng'oa kwa mkono. Muhogo uliojeruhiwa na jembe huanza kuoza pale penye kidonda.

Wanaotumia dawa za kuzuia magugu kuota, kama zenye S-metolakloa, wapulizie ndani ya siku tatu baada ya kupanda, kabla pingili hazijachipua, juu ya udongo safi wenye unyevu. Kwenye vumbi kavu dawa haifanyi kazi vizuri. Mkichanganya mazao, soma lebo kwanza: dawa isiyodhuru muhogo inaweza kuua zao la pili.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kukisia kipimo. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10, weka maji matupu kwenye bomba la kupulizia, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia maji kiasi gani. Yakiwa lita 2, hekta moja itahitaji lita 200, na bomba la lita 15 litatosha mita za mraba 750. Lebo ikisema lita 4 kwa hekta, basi kila bomba lipate mililita 300. Tumia nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) ya kutandaza, si ile ya mviringo ya kuulia wadudu, na maji safi. Tope hunasa glaifoseti na kuiua nguvu. Mihogo ikishachipua, glaifoseti isiguse jani wala shina changa. Upepo ukivuma, ahirisha. Vaa glavu, buti na barakoa hata kwa bomba moja.

Matawi yakishakutana na kufunika shamba, magugu hupungua yenyewe. Kiangazi majani yakipukutika jua hupenya tena, na magugu huibuka. Hapo usilime, fyeka tu kabla hayajatoa maua, ili mbegu zisidondokee msimu ujao.