Keki ya Harusi ya Rafiki: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujasema "Nitakutengenezea"

Rafiki yako anaolewa. Amekula keki zako za besdei na kipaimara, anazisifia kila mahali, sasa anakupigia: "Shoga, keki yangu ni wewe tu." Usijibu palepale. Mshukuru kwa kukuamini, mwambie akupe siku mbili upige hesabu, halafu muulize: tarehe gani, ukumbi uko wapi, wageni wangapi, ghorofa ngapi, rangi gani, na nani analipa. Hilo la mwisho ndilo linaloliza watu, nitalifikia.

Anza na ukubwa. Wengi wanakosea bei kwa sababu wanadhani keki ya inchi 12 ni ya inchi 6 mara mbili. Si kweli. Kwa kimo kilekile, inchi 12 inakula unga, mayai na sukari mara nne ya inchi 6. Ukitoka inchi 8 kwenda 10 tu, vitu vinaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, pika moja ndogo, pima kila kitu kwa mzani, kisha zidisha. Usikadirie kwa kikombe na macho.

Na si lazima kila ghorofa liwe keki. Kama wageni ni 300 na bajeti ni ndogo, weka ghorofa la kukata na kulishana liwe keki halisi, mengine yawe ya boksi yaliyovishwa fondanti (lile ganda laini la sukari), na wageni uwapikie keki za sinia zinazokatwa jikoni. Mwambie bibi harusi mapema na mkubaliane, asije akagundua ukumbini.

Sasa bei. Chukua karatasi. Tuseme malighafi ni shilingi 150,000. Gesi, umeme, bodi, mirija ya kushikilia ghorofa na maboksi 40,000. Usafiri 30,000. Hapo ni 220,000, na hujajilipa hata senti. Siku zako mbili za kazi, kila moja 30,000, inakuwa 280,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, maana trei ya mayai inaweza kupanda kati ya oda na harusi, na ghorofa moja linaweza kuungua: jumla 308,000. Ukitaka kumpunguzia rafiki, punguza kwenye ile 60,000 ya jasho lako, basi. Ukigusa zile 220,000 umeanza kumchangia harusi kwa mlango wa nyuma, na hakuna atakayeandika jina lako kwenye daftari la michango.

Huku kwetu Mbeya rafiki yako hanunui keki. Kamati ndiyo inayonunua. Kuna mwenyekiti, kuna mhasibu, kuna bajeti yenye mstari wa keki, na fedha zote zinategemea ahadi za watu. Jirani yangu, mpishi mzuri kweli, aliombwa keki ya ghorofa tatu na mwenzake wa kwaya. Kwa upendo akasema, "Wewe nipe hela ya vifaa tu." Bibi harusi akafurahi, akampa namba ya mhasibu wa kamati. Mhasibu hakujua kwamba hiyo tayari ni bei ya upendo. Kwake ilikuwa bei ya kuanzia, akaomba ipungue, kwa sababu ahadi hazijaingia. Dada wa watu akapunguza. Akapewa nusu, nyingine "utaikuta ukumbini." Pengo akalijaza kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Siku yenyewe keki ilipendeza mno. MC akaitangaza, ukumbi ukapiga vigelegele, wakwe wakamshika mkono, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) nyingi. Mhasibu alikuwa anahangaika na vinywaji vilivyopungua. Akamwambia watazungumza kesho. Siku ya kuvunja kamati, watu wakala nyama, ripoti ikasomwa: kuna deni la ukumbi, kuna deni la mapambo. La keki halimo. Akampigia bibi harusi, akaambiwa, "Si mlimalizana na kamati?" Akaenda kwa mhasibu: "Si mlikubaliana na bibi harusi?" Kila mmoja alisema alichoamini. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, lakini hakuna karatasi wala meseji iliyoonyesha nani anadaiwa. Kamati ikishavunjwa, huna wa kumdai. Rejesho la VICOBA halikusubiri. Stendi ya keki nayo ilibaki ukumbini na haikuonekana tena. Wale wawili bado wanaimba sauti moja kwaya, na hawasalimiani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Kwa hiyo, andika. Meseji moja, itumwe kwa bibi harusi na mhasibu kwa pamoja: ghorofa ngapi, za inchi ngapi, ladha, rangi, bei yote, nani anabeba usafiri, na siku ya kumaliza malipo. Pokea nusu siku ya oda. Salio lote liwe limeingia wiki moja kabla ya harusi, kabla hujavunja yai la kwanza. Usikubali "ukumbini." Ukumbini hakuna mtu mwenye nafasi ya kukulipa. Stendi na nguzo ziwekewe dhamana, na mtaje kwa jina atakayezirudisha. Usione aibu. Mpambaji anaandikiana na kamati, mwenye ukumbi anaandikiana, wa muziki vilevile, na wote ni rafiki wa mtu fulani.

Kama moyo unakusukuma kutoa zawadi, toa zile keki ndogo za wazazi wa pande zote mbili, na zitaje kwenye meseji kwamba ni zawadi yako. Itajulikana na kushukuriwa. Punguzo lililofichwa ndani ya bei halishukuriwi na mtu.

Kuhusu upishi wenyewe, kumbuka uko Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hata maji yanachemka karibu nyuzi 94. Resipe uliyotumiwa na mtu wa Dar itaumuka haraka kisha iporomoke katikati. Punguza beking pauda kama robo ya kijiko kwa kila kijiko cha chai, ongeza maziwa vijiko viwili vitatu, oveni iwe na moto zaidi kidogo. Wa Iringa na Njombe hili linawahusu pia. Mwezi wa sita na wa saba siagi inakuwa ngumu kama sabuni. Itoe mapema pamoja na mayai, viwekwe karibu na jiko, la sivyo mchanganyiko utakatika. Jaribu resipe kwa ukubwa uleule wa harusi angalau mara moja. Majaribio hayo nayo yana gharama, yaingize kwenye bei.

Harusi ikiwa Kyela, fikiri upya. Keki inatoka Mbeya watu wamevaa masweta, inapita mvua ya Tukuyu, inashuka kona baada ya kona, inafika kwenye joto la ziwani. Krimu ya siagi tupu italegea kabla ya maharusi kuingia. Changanya na mafuta mgando. Fondanti haipendi unyevu, na ukiilaza kwenye friji itatoka jasho ikitolewa. Kila ghorofa lisafiri kwenye boksi lake, juu ya sakafu ya gari. Siti imelalia nyuma na mapaja ya mtu yanatikisika. Usipeleke kwa Coaster hata wakikuhakikishia. Ondoka alfajiri, unganisha ukumbini, na ubebe krimu ya akiba, kisu cha kupakia na maua kadhaa ya kuzibia. Wakati wa kupanga, muulize MC meza ya keki itakaa wapi. Isiwe juani, isiwe chini ya taa kali, isiwe njiani kwa watoto. Ikifika ipige picha kila upande, ikiwa imesimama mezani, kabla hujaondoka.

Umeme: nunua uniti za kutosha za LUKU mapema, na mtungi wa gesi wa akiba uwe ndani. Sukari ya aisingi na rangi nunua sokoni Mwanjelwa wiki mbili kabla, usingoje Ijumaa, maana msimu wa harusi rangi ya dhahabu inaisha madukani. Angalia tarehe ya beking pauda. Usiahidi muundo ulioletewa kwenye simu ambao hujawahi kuufanya, sema unachoweza. Mtafute mtu mmoja wa kukusaidia kubeba, na mlipe. Jumamosi hiyo usipokee oda nyingine, hata ya besdei ya mtoto wa dada yako.