Namna ya kuwafunza wanafunzi wa Lamu uhifadhi wa mikoko

Mwongozo huu unawahusu walimu walezi wa vyama vya mazingira katika shule za Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu aliyehamia hapa kutoka bara, mwenye bidii nyingi lakini asiye na mazoea ya bahari.

Hatua ya 1: Anzia darini

Watume wanafunzi wakahesabu boriti za nyumba moja ya kale na kupima upana wa chumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Kisha mwalike mzazi anayekata mikoko kwa leseni aeleze tofauti ya pau, boriti na nguzo, yaani miti ya mkoko ya unene mbalimbali. Mimi naona mzazi huyo anafaa kuliko bango lolote, na mtoto wake hataketi darasani akidhani babake ndiye adui wa msitu.

Hatua ya 2: Ruhusa

Pata idhini ya wazazi na ya ofisi ya misitu.

Hatua ya 3: Chagua siku kwa kuutazama mwezi

Usipange safari kwa kalenda ya shule pekee. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku chache zinazofuata, maji ya Lamu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na matope yote huwa wazi. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, bahari hairudi nyuma vya kutosha, nayo saa ya kupwa huangukia jioni, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo safari ikiahirishwa kwa siku tatu tu, mpango mzima hubadilika. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, lisitumiwe bila kumwuliza nahodha wa hapa. Tena, ikiwa mtakwenda kwa mashua, ingieni mkondoni maji yakiwa bado yanatoka na muiache katika kina kirefu, la sivyo itakaa juu ya matope hadi alasiri, na watoto watashinda juani bila maji ya kunywa. Chukueni maji ya akiba hata hivyo.

Hatua ya 4: Msituni

Kila mwanafunzi avae raba zilizofungwa kwa kamba, kwani mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza matopeni huchoma nyayo. Alambe jani la mchu aonje chumvi ambayo mti umeitoa, achunguze mizizi ya mkoko iliyojiinamisha kama miguu ya kaa, kisha ahesabu chaza na matundu ya kaa katika eneo la mita moja mraba. Aandike kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka daftari likiloa. Simu sizikubali, mwanafunzi anayepiga picha hahesabu.

Hatua ya 5: Kupanda

Msipande siku ya kwanza, hata kama mgeni rasmi anataka picha. Subirini mpaka wanafunzi waweze kutambua mahali ambapo miche huota yenyewe, kwa sababu ile inayochomekwa kwenye matope ya wazi yasiyowahi kuwa na mikoko mara nyingi hufa. Panapoota miche mingi kwa hiari yake, hapahitaji kupandwa. Wapeni wanafunzi kazi ya kuihesabu kila muhula.