Kahawa ya Kilimanjaro na joto la usiku

Mkulima wa kahawa ukimuuliza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ataanza na mvua: vuli imechelewa, masika yamekatika mapema. Hakosei. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliochambua takwimu za kahawa ya arabika nchini Tanzania kuanzia 1961 hadi 2012, ulionyesha kwamba kinachoumiza zaidi ni joto la usiku. Likipanda kwa nyuzijoto 1 sentigredi, mavuno hushuka kwa wastani wa kilo 137 kwa hekta, yaani kama kilo 55 kwa ekari. Mwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha nusu ekari anapoteza karibu nusu gunia.

Usiku mti hautengenezi chakula, unakula akiba ya mchana. Usiku ukiwa wa joto akiba inaliwa haraka, na buni zinabaki na kidogo.

Hata hivyo, usiichukue hiyo kilo 137 kama hesabu ya shamba lako. Ni wastani wa nchi nzima, na mibuni iliyozeeka au isiyopogolewa hushusha mavuno hata usiku ukiwa wa baridi. Pima mwenyewe. Tundika kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, kivulini, kimo cha kifua, usome kila asubuhi na kuandika kwenye daftari pamoja na kilo ulizovuna. Misimu mitatu ya daftari hilo itakufaa kuliko maneno yangu.

Kuhusu kivuli niseme wazi, maana hapa tunawapotosha wakulima. Miti ya mruka na mringaringa hupunguza jua la mchana na kutunza unyevu, na ninasikitika sana kuona inakatwa kwa ajili ya mbao. Lakini kivuli hakipozi usiku. Kinausaidia mti kuingia usiku ukiwa haujachoka, basi. Ongeza matandazo ya majani ya migomba, ukiyaacha mbali kidogo na shina. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, nayo ipande, ukijua kwamba imezalishwa kuhimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Usidhani kuhimili ugonjwa ni sawa na kuhimili joto.

Joto pia linampandisha mlimani mdudu anayetoboa buni. Ni mweusi, mdogo kama punje ya ulezi. Chuma buni, uitazame kwenye kitovu: ukiona tundu kama la sindano na unga unga pembeni, ipasue kwa ukucha. Utamkuta ndani ya mbegu, mara nyingi na watoto wake. Dawa haimfikii humo. Buni zikianza kuiva, usingoje mti mzima uwe mwekundu. Pita kila wiki mbili. Msimu ukiisha, chuma hata zile nyeusi zilizokaukia matawini, okota zilizoanguka, uzitumbukize kwenye maji yanayochemka kabla ya kuzifukia.