Kariri sentensi mbili za kwanza, basi

Jumamosi nilisimama kutoa hotuba kwa niaba ya ukoo kwenye sendofu ya binamu yangu, na kilichoniokoa ni hiki: nilikariri sentensi mbili za mwanzo tu, neno kwa neno. Mengine yalikuwa maneno matano kwenye kikaratasi. Woga huwa mkali zaidi dakika ile ya kwanza. Moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, na akili inagoma kutunga chochote. Sentensi zilizokaririwa hutoka zenyewe huku mwili ukitulia. Zifanyie mazoezi kwa sauti, ukiwa umesimama, siyo kimoyomoyo kitandani, maana hata mdomo unahitaji kuzoea. Na ukishashika kipaza sauti, toa pumzi yote taratibu kabla ya kuvuta nyingine. Wengi wetu tunavuta tu, kifua kinajaa, sauti inatoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

Mbinu hii inapogoma: aliyekutangulia akisema maneno yako yale yale. Kwenye sherehe zetu kila mtu "hana mengi ya kusema" kisha anasema nusu saa, kwa hiyo fungua na jambo la bibi harusi unalolijua wewe peke yako. Pia usikariri hotuba nzima. Neno moja la katikati likikutoka, na yanayofuata yanapotea. Majina na vyeo vya wageni usivikariri kabisa, viandike. MC hubadilisha ratiba, na kumruka mjomba ni kesi ya miaka.