Somo: Siku tatu Bogotá, panga safari izunguke Jumapili

Habarini wadau. Wengi mmeniuliza namna ya kuiona Bogotá, mji mkuu wa Colombia, kwa mtu mwenye siku tatu tu. Safari yangu ya kwanza nilifika Jumatatu nikaondoka Alhamisi. Makumbusho niliyoyatamani zaidi nikayakuta yamefungwa, na Jumapili sikuiona kabisa. Ya pili niliipanga hivi.

Hatua ya 1: Fika Ijumaa, ondoka Jumatatu usiku. Museo del Oro, yaani makumbusho ya dhahabu, hufungwa Jumatatu, na Jumapili kuingia ni bure. Museo Botero, makumbusho ya sanaa ya msanii wa Colombia Fernando Botero, hufungwa Jumanne. Ukiweza, kwepa Aprili na Mei, pia Oktoba na Novemba. Mvua zao huangukia karibu na masika na vuli zetu.

Hatua ya 2: Heshimu mwinuko. Mji uko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari. Hata mtu wa Nairobi ataongeza zaidi ya mita 800, sembuse wa Dar au Mombasa. Usiku ule wa kwanza nilipanda ngazi za hoteli nikasimama katikati, moyo unadunda kama nimekimbia. Kula kidogo, lala mapema, pombe iache. Agiza aguapanela: ni sukari guru iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, mara nyingi hukamuliwa ndimu ndani yake. Harufu yake itakurudisha nyumbani. Sweta ni lazima, na kofia pia, maana jua linaunguza hata kukiwa na baridi.

Hatua ya 3: Jumamosi, La Candelaria kwa miguu. Anzia Plaza de Bolívar, upande taratibu kwenye vichochoro vya mji wa kale. Museo Botero ni bure siku zote. Fernando Botero alitoa kazi 208 kutoka kwenye mkusanyiko wake, na 123 kati ya hizo alizichora au kuzichonga mwenyewe. Mchana kula ajiaco: supu nzito ya kuku na aina tatu za viazi, moja ikiyeyuka hadi supu inakuwa ya njano, na kipande cha hindi ndani. Parachichi huja pembeni.

Hatua ya 4: Jumapili, siku yenyewe. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara hufungwa kwa magari. Wanaiita Ciclovía, na imekuwepo tangu miaka ya 1970. Bibi anatembea na mbwa, baba anamsukuma mtoto kwenye baiskeli, wauza juisi wako kando. Kodi baiskeli uingie katikati yao. Siku za kawaida hutauona mji huu ukiwa wa watu kiasi hiki.

Kisha nenda Museo del Oro. Tafuta sanamu ndogo ya chelezo ya Wamuisca, watu wa asili wa eneo hili: ni ya dhahabu, urefu wake karibu sentimita 20, chifu amesimama kati ya watu wake. Ilipatikana pangoni mwaka 1969. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu, sikutaka kuondoka.

Hatua ya 5: Jumatatu, mlima wa Monserrate. Kilele ni mita 3,152, ndiyo maana nimekiweka mwisho. Panda asubuhi kwa treni ya mlimani au gari la waya, lolote litakalokuwa linafanya kazi, kabla mawingu hayajafunga.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, na kanisa la chumvi la Zipaquirá?*
Hilo kanisa lililochongwa ndani ya mgodi wa chumvi ni zuri sana, ila liko nje ya mji na litakula siku nzima. Kwa siku tatu, liache.

*Wizi wa simu vipi?*
Upo. Wenyeji husema "no dar papaya", usitoe papai: usimwonyeshe mtu kitu kinachomshawishi. Simu itoe ukiwa ndani ya duka, na usiku ita teksi kwa programu.

*Kaka, Jumatatu ya sikukuu je?*
Angalia kalenda, dada. Sikukuu zao nyingi husogezwa hadi Jumatatu, na foleni ya Monserrate huwa ndefu. Lakini Ciclovía hufanyika siku hiyo pia, kwa hiyo unaipata mara mbili.

*Sisi tunaokula halali tutakula nini?*
Kuku wa ajiaco usimchukulie kuwa halali. Omba trucha, samaki wa maji baridi. Jioni agiza chokoleti ya moto na jibini: kata vipande, vitumbukize kikombeni, subiri vilainike, kisha uvichote kwa kijiko.