Namna ya kubishana kuhusu deni la Marekani bila kuwa chawa wa chama

Wakuu, kama uko Marekani au unafuatilia siasa zao unajua ikifika msimu wa bajeti hakukaliki, Republican anamlaumu Democrat, Democrat anamgeuzia, na kila mmoja ana kagrafu kake kanakoonyesha mwenzake ndo kamaliza hela za nchi. Deni lenyewe lilivuka dola trilioni 38 Oktoba 2025 kwa hiyo hasira za watu mi nazielewa kabisa, ila ukikasirika basi kasirika na mhusika, na kumpata sio kazi ngumu kihivyo.

Anza kwa kutenganisha nakisi na deni maana ubishi mwingi unaharibikia hapa. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja, yaani serikali imetumia kiasi gani zaidi ya ilichokusanya, deni ni mapengo yote yaliyorundikana. Mwaka wa fedha 2024 walitumia kama dola trilioni 6.75, wakakusanya kama 4.92, hapo pengo ni kama 1.83 hivi. Sasa mwanasiasa akipanda jukwaani akasema "nimepunguza nakisi" mashabiki wanasikia kapunguza deni, kumbe deni linapanda vilevile, kasi tu ndo imepungua. Vyama vyote viwili vinacheza huu mchezo na mi siamini kwamba ni bahati mbaya.

Halafu cheki tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali kuu unaanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa rais mpya unakuwa umeshaliwa zaidi ya miezi mitatu na aliyemtangulia. Chukua 2009, nakisi ilifika kama trilioni 1.4 na mpaka leo kuna watu wanambandika Obama yote. Mwaka huo wa fedha ulianza Oktoba 2008, Bush bado yuko White House, mabenki yanayumba, na ule mpango wa bilioni 700 wa kuyaokoa yeye ndo aliusaini. Lakini usimfutie Obama kila kitu, Februari 2009 na yeye alisaini mpango wake wa kuchangamsha uchumi na ulikuwa na hela ndefu. Upande wa pili nao watakwambia enzi za Clinton kulikuwa na ziada, na ni kweli, kuanzia 1998 mpaka 2001 bajeti ilikuwa na ziada, ila hawamalizii kwamba bajeti za miaka ile zilipitishwa na Congress (bunge lao) iliyokuwa mikononi mwa Republican. Ndo maana swali la "rais alikuwa nani" peke yake halikufikishi popote. Kikatiba hela ziko chini ya Congress, rais anasaini au anagoma, kwa hiyo uliza pia Baraza la Wawakilishi na Seneti vilikuwa mikononi mwa nani.

Mtu akileta suluhisho la haraka mrudishe kwenye mgawanyo wa matumizi. Zile hela ambazo Congress inazigombania kila mwaka ni kama robo tu ya bajeti, na karibu nusu ya hiyo robo ni ulinzi. Zingine zinatoka kwa sheria zilizokwishapitishwa, Social Security (pensheni), Medicare (matibabu ya wazee), Medicaid (matibabu ya wenye kipato kidogo), bila kusahau riba ya deni, ambayo 2024 ilipita hata bajeti ya ulinzi. Misaada ya nje ni kama asilimia 1, ifute yote na nakisi hata haitashtuka. Na yule wa "tuwatoze mabilionea basi" muulize kodi ipi, kwa kiwango gani, inaingiza bilioni ngapi kwa mwaka. Akianza kukutolea macho jibu unalo.

Namba usichukue kwenye meme. Ingia fiscaldata.treasury.gov, tovuti ya Wizara ya Fedha, deni lipo pale mpaka senti na linasasishwa kila siku ya kazi. Utaona limegawanywa mara mbili, kuna deni linaloshikiliwa na umma (wawekezaji, mabenki, nchi za nje) na kuna lile ambalo serikali inajidai yenyewe kupitia mifuko kama ya Social Security. Na kati ya nchi za nje anayewadai zaidi ni Japani, sio China, hiyo watunzie wale wa "tumeshauzwa kwa Wachina".

Kwa muswada mmoja mmoja nenda cbo.gov, hiyo ni ofisi ya bajeti ya Congress, iko tangu 1974 na vyama vyote huwa vinailaani ikitoa namba wasizozipenda, kwangu mi hiyo ni sifa. Ile sheria kubwa ya Trump ya Julai 2025 waliikadiria itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi, na humo humo ukomo wa deni ukapandishwa kwa trilioni 5. Ile ya Biden ya Machi 2021 ilikuwa trilioni 1.9, kwa kura za Democrats peke yao. Ila ile ya korona ya Machi 2020, zaidi ya trilioni 2, Seneti iliipitisha kwa kura 96 kwa 0. Hiyo 96 kwa 0 hakuna anayependa kuikumbuka.

Ukishajua muswada tafuta kura ya mbunge wako congress.gov, zimeandikwa jina kwa jina, kisha pigia ofisi yake. Mara nyingi anapokea kijana mdogo tu, atakuuliza jina na zip code (namba ya posta ya eneo lako) kuhakikisha unatoka jimbo lake, usimgombeze maana hajapiga kura yoyote yule. Taja namba ya muswada, sema unataka nini, halafu uliza mheshimiwa ameshaamua atapigaje kura. Akisema "nitafikisha ujumbe" muombe jibu la maandishi.